Tenga la vifaranga lawafungia kunguru nje Shirere

Saa moja kasorobo asubuhi, mtaani Shirere viungani mwa mji wa Kakamega, Risper Naliaka amejibanza nyuma ya pazia la jikoni na kikombe kitupu mkononi. Mtama ameshaumwaga. Sasa anachungulia, na ukijaribu kumsemesha anaweka kidole mdomoni kukunyamazisha.

Nje, karibu na geti, kunguru mwenye shingo nyeupe anatua juu ya ukuta. Anageuza kichwa huku na huku kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Kisha anashuka kwenye nguzo fupi iliyo na ubao juu. Hiyo ndiyo meza ya ndege. Juu ya ubao limefunikwa tenga la fito, lile ambalo kina mama wa huku hufunikia vifaranga, na ndani yake shomoro watano na chiriku wawili wanadonoa mtama bila haraka.

Kunguru anaingiza mdomo katikati ya fito. Anaingiza kichwa. Mabega yanakataa.

"Sukuma! Sukuma tena, baba!" Risper ananong'ona huku akijizuia kucheka. "Aprili ulikula ukashiba. Leo utaangalia tu."

Kunguru anazunguka tenga mara mbili, anapiga kelele za hasira, anaruka zake kuelekea bonde. Ndani ya tenga hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Risper anashusha pumzi na kuachia pazia.

Mlango wa mbele unafunguka. Anatoka bibi mwembamba wa miaka sabini na tisa, fimbo mkono wa kulia, daftari kubwa la jalada jekundu kwapani. Huyu ni Zilpah Osiako, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye nyumba hii na vyumba sita vya wanafunzi vilivyo nyuma yake. Mtaa mzima humwita Mwalimu. Anatembea polepole hadi kwenye kiti cha plastiki karibu na geti, anaketi, anafungua daftari na kutoa kalamu nyuma ya sikio.

"Shomoro?"

"Watano, Mwalimu," anajibu Risper, ambaye sasa amesimama kando yake.

"Chiriku?"

"Wawili. Yule mwenye kidole kilichokatika amekuja."

"Kwera?"

"Yule wa manjano? Bado hajafika."

"Sufuri," anasema Mwalimu Zilpah, na anaiandika kweli. "Huyo amezoea kuchelewa. Mama yake pia alikuwa hivyo."

Usicheke. Au cheka, maana hata wao siku hizi wanacheka. Lakini mwezi Juni mwaka huu hakuna aliyecheka katika boma hili. Juni, kunguru kumi na mmoja walikaribia kumwondoa bibi huyu nyumbani kwake, na kumwondoa Risper kazini.

Risper ana miaka arobaini na sita na watoto wawili. Alizaliwa Lugari, upande wa mashamba ya mahindi, na kabla ya kuja mjini alikuwa akipalilia miwa ya watu kwa shilingi mia mbili na hamsini kwa siku, siku ambazo kazi ilipatikana. Machi mwaka huu aliajiriwa kumtunza Mwalimu Zilpah, aliyeanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Alianza kwa shilingi elfu tisa kwa mwezi, analala hapo, anakula hapo. Bintiye mkubwa yuko kidato cha tatu, na Risper anasema bila kificho kwamba kazi hiyo ndiyo inayomweka shuleni.

"Siku ya kwanza nilidhani nimekuja kuosha mgonjwa na kupika uji," anasimulia. "Mwalimu akaniambia, Risper, kabla ya uji wangu, kuna watoto nje hawajala. Nikatoka kutafuta watoto. Nikakuta ndege!"

Kisa cha daftari ni hiki. Mwalimu Zilpah aliongoza shule ya msingi kwa miaka ishirini na mitatu. Alipostaafu, alirudi nyumbani na daftari moja la mahudhurio ambalo halijaandikwa, akaona ni dhambi kuliacha tupu. Mumewe alikuwa amefariki, mwanawe Elvis yuko Nairobi. Akapigilia ubao juu ya nguzo mbele ya veranda, akaweka mtama, na kila asubuhi akawa anaita majina. Aliyekuja anapata tiki. Ambaye hakuja anapata sufuri. Mpaka leo amejaza madaftari manne.

Baada ya kuvunjika nyonga, daftari liligeuka dawa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwagiza atembee kila siku, na Mwalimu, ambaye hapendi kuagizwa na mtu aliyezaliwa juzi, alikataa katakata. Lakini kutoka kitandani hadi verandani ni hatua ishirini na mbili, na majina hayaitwi mtu akiwa kitandani. Kwa hiyo alitembea. Alilalamika kila hatua, akaegemea fremu yake ya kutembelea, lakini alitembea.

Hapo ndipo Risper alipoharibu mambo.

"Mimi nilimwaga mtama wiki mbili hivi, na roho ilikuwa inaniuma," anakumbuka. "Kwetu mgeni hapewangi punje kavu. Hata kama nyumba haina kitu, unasonga obusuma, ugali wetu, hata kadogo. Sasa hawa ndege kila siku wanakuja, wanakula punje, wanaenda. Nikasema aibu gani hii? Siku hiyo tulibakisha ugali. Nikaufikicha vizuri, nikawawekea."

Shomoro waliutazama ule ugali, wakauruka, wakala mtama. Lakini juu ya mlingoti wa simu kulikuwa na wengine waliokuwa wakitazama pia.

Siku ya kwanza walikuja kunguru wawili. Risper alifurahi, akadhani habari za upishi wake zimeenea. Siku ya tatu walikuwa watano. Ilipofika wiki ya pili walikuwa kumi na mmoja, pamoja na njiwa wanene wa kutoka mapaa ya mjini, na kwarara wawili, wale ndege wakubwa wa rangi ya majivu wanaopiga kelele utadhani wameibiwa, ambao walizunguka chini wakitoboa bustani ya sukuma wiki. Risper aliacha kuweka ugali. Haikusaidia kitu. Kunguru walibaki, wakala mtama, na ambao hawakula waliumwaga chini kwa kusudi.

Wadogo walikimbia wote. Shomoro sufuri, chiriku sufuri, kwera sufuri. Ukurasa mzima wa Mei ni sufuri tupu, na mwandiko wa Mwalimu unazidi kufifia kuelekea chini.

Asubuhi moja Risper alileta fremu kando ya kitanda kama kawaida. Mwalimu aligeukia ukutani.

"Shule haina watoto," alisema. "Mwalimu aende kufanya nini?"

Hakuamka siku hiyo, wala ya pili. Baada ya wiki, miguu iliyokuwa imeanza kupata nguvu ilianza kutetemeka hata akisimamishwa tu. Na hayo ndiyo Elvis aliyoyakuta alipokuja likizo ya Madaraka, mwanzoni mwa Juni.

Elvis Osiako anafanya kazi katika kampuni ya bima. Si mtu mbaya, na Risper hataki aandikwe kama mtu mbaya. Alimpata mama yake amelala saa nne asubuhi, amekonda, hataki chai, akaogopa. Aliketi ukingoni mwa kitanda akasema maneno ambayo Risper aliyasikia akiwa mlangoni na trei mkononi.

"Mama, nitarudi Agosti, shule zikifungwa. Ukiweza kufika getini kwa miguu yako, utabaki hapa. Usipoweza, tunaenda pamoja Nairobi. Nyumba hii tutaipangisha."

Mwalimu aligeukia ukutani tena. Elvis alipotoka alisimama jikoni, akapangusa macho kwa shati.

"Dada Risper, si kwamba sitaki ukae na yeye," alimwambia. "Lakini akifia kitandani hapa, mimi nitajisamehe vipi?"

Kutoka kitandani hadi getini ni hatua hamsini na nne. Risper alizihesabu jioni hiyo hiyo, akirudi na kwenda, mikono kifuani. Alijua jambo ambalo Elvis hakulijua: kunguru walialikwa, na aliyewaalika ni yeye.

"Mayi wee! Nililala nikisema, kama ningenyamaza na mtama wa watu! Nani aliniambia ndege wanataka ugali?"

Juni yote ilikuwa vita. Kwanza alitumia sufuria na mwiko. Kila kunguru akitua, Risper anatoka mbio akipiga sufuria na kupayuka kwa sauti aliyojifunza utotoni. Kunguru waliruka hadi ukutani, wakangoja achoke, wakarudi. Wapangaji hawakungoja achoke. Mitchel, mwanafunzi wa chumba cha tatu, alitoka na blanketi mabegani.

"Anti Risper, aki tuko na mtihani! Hawa kunguru hawalipi kodi, sisi tunalipa."

Mitchel mwenyewe ndiye aliyeleta shauri la pili, sidii kuukuu za muziki za kutundika kwa uzi zimetemete na kuwatisha. Kunguru mmoja alikata uzi siku ya pili akaenda na sidii. Ndipo Risper akasimamisha sanamu, koti la kitambo la Elvis juu ya vijiti viwili, kofia juu. Asubuhi iliyofuata kunguru mkubwa alikuwa ameketi juu ya hiyo kofia, na ameichafua.

"Hapo nilikaa chini nikalia," anasema Risper. "Nililia kweli. Halafu nikaona nikilia naye ananiangalia, nikaona heri niende nyumbani kidogo nipumzishe akili."

Aliomba wikendi moja, dada wa kanisani akashika zamu, naye akaenda Lugari kwa kaka yake. Alifika saa ambayo wifi yake, Nanjala, alikuwa analisha kuku. Nanjala ni mwanamke asiyependa mambo mengi. Alikuwa ameweka unga wa vifaranga chini, akaufunika kwa tenga, akaliinua tenga kidogo kwa mawe matatu. Vifaranga walipita chini, wakaingia, wakala. Jogoo na mama kuku walibaki nje wakizunguka, wakigonga fito kwa midomo, wakilalamika.

Risper alisimama hapo na mfuko wake wa safari begani. Hata salamu hakuitikia.

"Nanjala, huyu jogoo kwa nini haingii?"

"Ataingilia wapi na kifua hicho?" Nanjala akamjibu. "Wewe nawe, mji umekutoa akili? Si hivi tumefanyanga tangu tuzaliwe?"

Risper alianza kucheka. Alicheka mpaka Nanjala akamsogelea kumtazama kama ana homa. Kwa mwezi mzima alikuwa amefukuza wakubwa, na siku zote dawa ilikuwa nyumbani kwao: usimfukuze mkubwa, mlango ndio uwe mdogo.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kupanda gari, alipitia soko la Lumakanda kwa fundi wa matenga, mzee Lusweti, na kumwagiza tenga lenye nafasi za vidole viwili kati ya fito na fito. Mzee huyo alimtazama kwa huruma.

"Mama, hapa vifaranga watatoka wote."

"Ndiyo nataka, baba. Watoke na waingie."

"Sasa unafunika nini?"

"Nafunika mtama."

Lusweti alitikisa kichwa, akasuka. Juu alimwachia tundu la kumwagia nafaka, na tundu hilo Risper huliziba kwa gunzi la mahindi hadi leo. Mzee alimtoza nusu ya bei. Alisema hawezi kuuza tenga bovu kwa bei ya tenga zima.

Alipofika Shirere, kabla hata ya kulifunga tenga, aliingia chumbani kwa Mwalimu na kulikumbatia mbele ya kitanda. Alikuwa ameamua kusema.

"Mwalimu, kunguru niliwaita mimi. Niliwawekea ndege obusuma. Nisamehe."

Mwalimu Zilpah alijiinua kwa kiwiko. Akanyoosha mkono kuelekea mezani. "Nipe daftari. Fungua Aprili, tarehe kumi na nne."

Pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu nyekundu, kulikuwa na maneno mawili: Risper, ugali.

"Niliona vipande vyeupe chini ya nguzo," alisema Mwalimu. "Nimefundisha miaka mingi, siwezi kukosa kujua nani amemwaga chakula. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Umechukua miezi miwili na nusu. Wengine huwa hawasemi kabisa." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nami nilipowaona kunguru wawili, ningekuambia siku ile ile. Nilinyamaza kwa kiburi. Hilo tenga ni la nini?"

Risper akamweleza. Mwalimu hakucheka, lakini hakugeukia ukutani tena. "Liweke," alisema. "Mimi siamki mpaka waje. Daftari utashika wewe."

Sasa hapa ni lazima turudi nyuma kidogo, kwa sababu Risper hakuwa amegusa daftari la mahudhurio maisha yake yote, na alikuwa na sababu ya kuliogopa.

Alipokuwa mtoto, baba yake alilima wimbi na mtama kando ya mahindi. Nafaka ikianza kukomaa, ndege wadogo walishuka kwa mamia, na lazima mtu akae juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, kutoka alfajiri hadi jioni akiwafukuza. Mtu huyo alikuwa Risper. Kaka zake walienda shule. Kila msimu alipoteza wiki sita, saba. Akiwa darasa la sita, mwalimu alichoka kuandika sufuri mbele ya jina lake, akalikata kwa mstari.

"Ni ndege hawa hawa," anasema, akionyesha tenga kwa kidevu. "Shomoro, chiriku, hao wa manjano. Niliwatupia udongo miaka sita. Walinitoa shule. Leo nimeajiriwa niwalishe! Mungu naye anajuanga kucheza na mtu."

Basi alishika daftari. Tenga lilifungwa kwa waya juu ya ubao, mtama ukamwagwa, naye akakaa nyuma ya pazia. Siku ya kwanza kunguru walijaribu kila upande, wakashindwa. Njiwa walishindwa. Risper alikaribia kuimba. Lakini shomoro nao hawakuja. Siku ya pili hawakuja. Walitua juu ya waya wa nguo, wakatazama, wakaondoka.

Alielewa siku ya tatu. Watoto wa huku hutega ndege kwa tenga. Huliegemeza kwa kijiti, wanaweka punje chini, wanavuta uzi. Hakuna shomoro wa Kakamega asiyejua hayo. Risper alikuwa amejenga kitu ambacho kwa macho yao ni mtego mtupu.

"Siku ya nne nilishika kalamu nikasema, niandike tiki moja tu. Shomoro mmoja. Mwalimu hataona, ataamka, atatembea, na Elvis atakuta anatembea. Nani ataumia? Nikaweka kalamu kwenye karatasi. Haki, mkono ulikataa. Nilikumbuka jina langu likikatwa. Ile sufuri yangu ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa ya kweli. Nikaandika sufuri."

Jioni hiyo alifanya jambo moja. Alichukua kisu, akakata fito mbili za chini upande wa ukuta, ili tenga liwe na mlango wa kuonekana, mahali ambapo ndege anaweza kuingia akiwa anaona pa kutokea. Mlango ule ulitosha ngumi ya mtoto. Kunguru bado asingepita.

Siku ya tano, saa moja na dakika chache, shomoro jike alitua ukingoni mwa ubao. Akachungulia. Akaingia, akachukua punje moja, akatoka mbio. Akarudi. Safari hii alikaa. Nyuma yake akaja dume, na nyuma ya dume, chiriku mwenye kidole kilichokatika.

Risper hakumwita Mwalimu. Alibeba daftari hadi chumbani na kulifungua mbele yake: shomoro tiki, chiriku tiki.

Mwalimu Zilpah alivaa miwani. Akazitazama zile tiki mbili, akamtazama Risper usoni, jinsi anavyotazama mwanafunzi aliyepata alama zisizotarajiwa. Alichokiona kilimtosha.

"Nipe hiyo fremu," alisema.

Walienda hatua ishirini na mbili kwa dakika kumi na moja. Mwalimu alipumzika mara tatu. Alipofika verandani na kuwaona, alishika nguzo ya baraza akalia waziwazi, na Risper akalia naye, na Mitchel aliyekuwa anaanika nguo akadhani kumetokea msiba.

Lakini verandani si getini. Zilikuwa zimebaki wiki tano na hatua thelathini na mbili. Risper alijua Mwalimu hataagizwa. Kwa hiyo alifanya hila ambayo bado anaisimulia akiwa amefunika mdomo. Alimwomba fundi wa mtaani ang'oe ile nguzo ya meza ya ndege na kuisimika ndani ya debe la rangi lililojazwa zege. Kila baada ya siku tatu, jioni, ndege wakishaenda kulala, Risper aliliviringisha debe hatua tatu kuelekea geti. Kiti cha plastiki kikafuata.

Ndege hawakujali. Mwalimu, ambaye haoni mbali, alilazimika kusogea ili aone nani amekuja. Alihama kutoka verandani, akashuka ngazi moja, akashika njia ya kokoto. Katikati ya safari fremu ilibaki nyumbani, fimbo ikachukua nafasi yake. Hakusema neno kuhusu meza inayohama, isipokuwa asubuhi moja tu.

"Risper, unadhani sioni? Ubao huu unatembea kuliko mimi."

"Ni mvua, Mwalimu. Inasukuma."

"Hakujanyesha wiki mbili," alisema, na akaendelea kuita majina.

Elvis alikuja Jumamosi ya pili ya Agosti, mapema, saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa ameleta masanduku mawili matupu ndani ya gari. Alipiga honi mara moja, akashuka kufungua geti mwenyewe maana alidhani Risper yuko chumbani na mgonjwa.

Geti lilifunguliwa kutoka ndani. Aliyelifungua alikuwa mama yake, fimbo mkononi, kalamu sikioni. Nyuma yake, ndani ya tenga, shomoro walikuwa wanagombania punje.

Mwalimu Zilpah alitazama saa yake ya mkononi. Akafungua daftari, akalilaza juu ya boneti ya gari, akaandika.

"Elvis Osiako," alisema. "Amechelewa."

Elvis aliegemea mlango wa gari, akacheka huku machozi yakimtoka. Masanduku hayakushuka. Alipoondoka Jumapili aliyajaza mahindi, ndizi na kuku mmoja wa kukaangwa, vyote alivyofungashiwa na Risper, na amemwongezea Risper mshahara kwa shilingi elfu mbili. Kwa simu, Elvis anasema hana la kuongeza ila moja: "Nilikuwa nimelipia chumba cha mama miezi miwili mbele huku Nairobi. Sijawahi kufurahi hivyo kupoteza pesa."

Risper anasema usiku huo wa Jumamosi alilala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu Aprili. Hata kwarara walipopiga kelele alfajiri hakuwasikia. Siku hizi majirani wawili wamemwomba awaletee matenga kama lile, na mzee Lusweti, akiagizwa, hasemi tena ni mabovu. Amepandisha bei.

Kunguru nao hawajahama. Bado wanapita kila asubuhi, mmoja baada ya mwingine, kupima mabega. Njiwa na tetere wanaokota zinazodondoka chini, na Risper huwaachia. Hana ugomvi na mtu, anasema, mradi kila mmoja ale mahali panapomtosha.

Lakini ukimuuliza anatamani nini sasa, haongei habari za matenga. Anakimbia jikoni na kurudi na kitabu cha hesabu cha darasa la sita, kimefunikwa kwa gazeti. Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, Mwalimu Zilpah humfundisha kwenye meza ya chakula. Januari ana mpango wa kujiandikisha katika masomo ya watu wazima, aendelee mpaka asomee kazi ya kutunza wagonjwa, awe na cheti.

"Bintiye mtu yuko kidato cha tatu na mama yuko la sita," anasema akicheka. "Anaponipigia simu ananiuliza, mama, umefanya kazi ya ziada?"

Getini, Mwalimu bado hajafunga daftari. Kwera amefika, amechelewa, na sufuri yake imegeuzwa tiki kwa masharti. Mwalimu anateremsha kalamu hadi mstari wa mwisho wa ukurasa, chini ya tetere, mahali palipoandikwa jina kwa mwandiko ulionyooka, na mbele yake tiki za kila siku tangu Agosti, bila pengo hata moja.

"Risper Naliaka?" anaita, ingawa Risper yuko hatua mbili tu kutoka kwake.

Risper anaweka chini kikombe cha mtama. Ananyoosha gauni, anasimama wima, mikono pembeni.

"Nipo, Mwalimu."